Niitie Faiza

Machakos mjini
Jumanne, 13 Mei 2025

Binti yangu Faiza,

Assalamu alaikum. Leo asubuhi mwalimu mkuu wako, Bi. Ndambuki, amenipigia simu nikiwa katikati ya kukata suti ya mteja. Aliposema tu, "Baba Faiza, kuna jambo kuhusu mtoto," mkasi ukanitoka mkononi. Wallahi nilidhani umekufa. Halafu nikadhani una mimba, Mungu anisamehe. Nikaketi juu ya robota la vitambaa nikamwomba aseme haraka kabla moyo haujasimama.

Akaniambia kwamba tangu wiki ya pili ya muhula unafunika uso. Kwamba shule imewaruhusu nyote wasichana wa Kiislamu mtandio, hilo halina ubishi, lakini wewe unauvuta wako mpaka chini ya macho, darasani, bwaloni, hata uwanjani. Na kwamba alipokuuliza sababu ulimjibu maneno mawili: "Ni dini."

Faiza, nilipigwa na butwaa. Wewe? Wewe niliyekuwa nikikunyunyizia maji ndio uamke kuswali alfajiri? Wewe uliyetoroka madrasa ukajificha kwa jirani kutazama katuni? Nilibaki nimeshika simu, mteja ananiuliza kama suti yake bado ipo.

Halafu nikalia. Nakwambia wazi kwa sababu wewe ni mwanangu. Nilimkumbuka marehemu mama yako, Kamanthe, alivyosilimu mtu mzima, ndugu zake kule Kithimani wakamcheka miaka na miaka, naye asitetereke. Nikasema, damu ya mama yake hiyo. Nimekulea peke yangu tangu ukiwa darasa la sita na kila siku nilikuwa najiuliza kama nakulea sawasawa. Leo nimejibiwa.

Nimefunga duka mapema nikakushonea nikabu nne, za kitambaa chepesi kisichopasha joto, maana najua jua la huko Masinga. Shangazi yako Mwanaasha atazipitisha pale getini akienda kuuza leso zake soko la Kithyoko. Usiogope mtu yeyote. Akikugusa amenigusa mimi.

Baba yako,
Othman


Shule ya Wasichana ya Utanu
18 Mei 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nikabu zimefika. Zinanitosha vizuri, asante sana Baba.

Sikutaka Bi. Ndambuki akupigie simu. Ni kitu changu kidogo tu, si kitu cha kuambia watu. Naomba usiwaambie watu wa msikitini. Na kama wameshajua, waambie ni mtandio wa kawaida.

Masomo yanaendelea. Niko sawa. Naomba ukipata nafasi unitumie sabuni ya kipande, ile kali ya kufulia, miche miwili. Huku vumbi ni jingi. Na ndimu kama zipo.

Si lazima uje siku ya kutembelewa. Barabara ni mbaya na dukani uko na kazi nyingi.

Binti yako,
Faiza


Mumbuni, Machakos
25 Mei 2025

Wewe Faiza,

Baba yako ameingia kwangu juzi na macho mekundu, hakubisha hata hodi, akasema, "Mwanaasha, ndugu yangu, nimezaa walii." Nikacheka mpaka chai ikanipalia. Akakasirika akaondoka bila kunywa yake. Kwa hiyo ujue umeshanigombanisha na kaka yangu, na hiyo ni kazi ya wifi, si ya mtoto.

Sasa tuzungumze sisi wanawake. Mimi uso huu naufunika tangu nilipoolewa, na naujua wajibu wake. Nafunika mbele ya wanaume wasio wangu. Nikiingia ndani natupa nikabu kitandani, najipepea, nakula miguu juu. Nikiwa na wanawake wenzangu tunaonana meno mpaka ya mwisho. Hiyo ndiyo dini ninayoijua.

Wewe uko kwenye shule ya wasichana watupu. Mnalala wasichana, mnaoga wasichana. Na askari wa geti, nilipompa mzigo wako, aliniambia huyo wa kufunika hafunui hata akila, wenzake wanasema hata akilala. Unamficha nani, mwanangu?

Nimewaza mengi mabaya. Nimewaza umepigwa. Nimewaza umetoga pua na sasa inatoa usaha. Baba yako ameniambia pia umeagiza sabuni ya kufulia na ndimu, yeye anaona ni usafi wa swala. Mimi sioni hivyo. Hakuna aya inayotaka ndimu.

Niandikie ukweli, barua umpe askari. Sitamwambia baba yako. Nimesema.

Shangazi yako,
Mwanaasha


Shule ya Wasichana ya Utanu
31 Mei 2025

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Umesema hutamwambia. Nimeisoma hiyo sentensi mara nyingi kabla ya kuchukua kalamu.

Ni chunusi. Hakuna kingine.

Likizo ya Aprili zilikuwa chache kwenye paji la uso, ukanitania kwamba sasa nimekuwa mwari. Tulipofungua shule zikashuka mashavuni, halafu kidevuni, na si zile ndogo za kawaida. Ni mavimbe magumu ndani ya nyama, yanauma hata nikilaza shavu kwa mto. Nikiamka kuna damu kwa foronya.

Kuna msichana anaitwa Lavender, analala kitanda cha mbele. Siku moja bwaloni tulipewa muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa yaliyovimba pamoja na maharagwe, akachungulia sahani yake, akanichungulia mimi, akasema, "Ai, si huyu ni Faiza wamepika?" Meza yote ikaanguka kucheka. Tangu siku hiyo jina langu likawa Muthokoi. Ikifika Jumatano, siku ya kupika muthokoi, walikuwa wanaimba kwenye foleni, "Leo tunakula Faiza." Hata wa Kidato cha Pili waliimba. Mimi Jumatano sili.

Nimejaribu kila kitu nilichoambiwa. Dawa ya meno usiku kucha, ikaniunguza. Ndimu na chumvi. Sabuni ya kufulia, nasugua na kile kitambaa kigumu mpaka ngozi inachubuka. Nzisa, jirani yangu wa kitanda, ndiye peke yake hanicheki, akanipa jeli ya kukamulia ng'ombe kutoka kwao. Alisema kwao wote wanajipaka na wanang'aa. Mimi nilizidi kuvimba. Nikaenda kwa matroni. Akaniambia nioge vizuri na nipunguze kufikiria wavulana. Wavulana gani, Shangazi? Nafikiria uso tu kutoka asubuhi mpaka jioni.

Siku moja uwanjani nilivuta mtandio juu kwa sababu ya vumbi, nikaona hakuna anayecheka. Nikauacha hapo. Siku ya tatu Bi. Ndambuki akaingia darasani akaniuliza mbele ya wote kwa nini nimejifunika. Lavender alikuwa amegeuka ananiangalia, anangoja. Ningesema nini? Neno "dini" lilitoka lenyewe. Na Shangazi, nilishtuka vile lilivyofanya kazi. Darasa lote lilinyamaza. Lavender aliangalia chini. Tangu hapo hakuna mtu amethubutu kuniita lile jina.

Sikujua Bi. Ndambuki angepiga simu. Sikujua Baba angelia.

Nimeacha kuinua mkono darasani. Mwalimu wa Biolojia akisema njoo ubaoni nasema tumbo linauma. Kuna asubuhi sitaki kabisa kuamka, Nzisa ndiye ananivuta miguu. Usimwambie Baba. Akijua kwamba amejivunia uongo sijui ataniangalia vipi.

Faiza


Mumbuni, Machakos
11 Juni 2025

Mwanangu,

Tangu Jumapili tulipokuja kukuona sijakaa sawa. Nilipokuvuta kule chooni nikakwambia ufunue, nilijua nakwenda kuona chunusi. Nani hajaona chunusi? Ulipofunua nilishika ukuta. Umeniona. Naomba unisamehe ile sauti niliyotoa, haikuwa ya kukutisha, ilinitoka tu.

Na nje baba yako ametandika mkeka na pilau ya Idi, anakungoja. Ukatoka umejifunga, ukala tonge kwa tonge chini ya kitambaa, mbele ya baba yako mzazi! Mtu ambaye dini yenyewe haikutaki umfiche! Nikamtazama kaka yangu nikitumaini atashangaa. Alikuwa anatabasamu. Nilitaka kumpiga na sufuria.

Acha nikukaripie kwanza, halafu nikubembeleze. Hiki kitambaa kwangu ni ibada. Kwako ni plasta. Nilikasirika, siwezi kukuficha. Nilirudi nyumbani nikavua yangu nikaitazama, nikajisikia kama mtu aliyeibiwa. Hasira imekwisha jana, baada ya kuonana na daktari.

Ndiyo, nimekwenda kwa daktari wa ngozi hapa mjini, nikamweleza yote bila kutaja jina. Amenishangaza. Amesema chunusi ni ugonjwa wa ngozi kama ugonjwa mwingine wowote. Mwili wa kijana ukianza kubadilika, homoni zinaiambia ngozi itoe mafuta mengi. Tundu dogo la kinyweleo linaziba, vijidudu vinapata makao humo, panavimba. Basi. Si uchafu. Hukuzileta wewe, na wala si kuwaza wavulana, huyo matroni aache kuzungumza. Wengine wanapata chache zinapita, wengine, kama wewe, wanapata zile za ndani, na hizo haziponi kwa kusugua. Kila ulichofanya umeongeza moto: dawa ya meno inaunguza, ndimu inaunguza, sabuni ya kufulia inakwangua ngozi, na jeli ya ng'ombe inaziba matundu. Na kitambaa chenye jasho kinachosugua uso kutwa kucha nacho kinazidisha. Osha uso na maji na sabuni laini, mara mbili kwa siku, bila kusugua. Usikamue hata moja.

Dawa zipo, Faiza! Za kupaka na za kumeza. Zinachukua miezi kuonekana, lakini zipo. Alichonisisitizia ni kwamba usicheleweshwe, kwa sababu hizi za ndani zikiachwa zinaacha makovu ambayo hayatoki kirahisi.

Halafu akaniuliza, "Mtoto analala? Anakula? Ana rafiki?" Nikamwambia hali Jumatano. Akaweka kalamu chini akasema mtoto wa namna hiyo anatibiwa uso na moyo kwa pamoja, na kwamba asiachwe peke yake na siri yake.

Nilikuahidi kabla sijaona. Ningeona kwanza nisingeahidi. Sasa nakupa mpaka likizo fupi ya tarehe ishirini na sita. Mwambie mwenyewe. Usipomwambia, mimi nitamwambia, na utanichukia, na nitavumilia.

Shangazi yako,
Mwanaasha


Ofisi ya Mwalimu Mkuu
Shule ya Wasichana ya Utanu
11 Juni 2025

Kwa Bw. Othman,

Nakuandikia kuhusu binti yako Faiza, wa Kidato cha Tatu.

Kutokana na barua ya wakili wako kudai Faiza aruhusiwe kufunika uso shuleni, bodi ya shule itakutana Jumamosi tarehe 21 Juni, saa nne asubuhi. Wewe na wakili mnakaribishwa. Ni wajibu wangu kukujulisha kwamba jambo hili limekua. Baadhi ya wazazi sasa wanaitaka bodi iondoe hata ruhusa ya mtandio kwa wanafunzi wote tisa wa Kiislamu, jambo ambalo mimi binafsi silitaki.

Naomba pia kuongeza neno moja nje ya sheria. Nimefundisha wasichana muda mrefu. Faiza hafunui uso hata bwenini, wala bafuni. Alama zake zimeshuka. Kuna kitu hapa ambacho sikielewi, na nadhani si cha kuzungumziwa mbele ya bodi. Tafadhali keti naye faraghani kabla ya mkutano. Nitawapa ofisi yangu.

Wako,
R. Ndambuki (Bi.)
Mwalimu Mkuu


Machakos mjini
13 Juni 2025

Binti yangu Faiza,

Assalamu alaikum. Nimepokea barua ya mwalimu wako mkuu. Ameandika kwa lugha tamu, lakini nimemwelewa. Anataka nikuweke faraghani ofisini kwake, nikuulize kama kweli unaamini! Ati kuna kitu hakielewi. Atakielewaje? Nimeisoma barua hiyo msikitini baada ya swala ya Ijumaa na watu walishangaa mpaka wakasimama.

Najua uliniomba nisiwaambie. Unyenyekevu huo ndio ulioniliza zaidi. Lakini mambo yameshatoka mikononi mwetu wawili. Wakili Wathome ameichukua kesi, naye si Mwislamu, ni mtu wa kanisa, lakini anasema haki ni haki. Watu wamechanga. Mzee mmoja ambaye hata miwani yake imefungwa na uzi ametoa alichokuwa nacho. Nikipita sokoni naitwa "Baba Faiza" na watu nisiowajua.

Jumapili ile ya Idi, ulipokuwa unakula pilau chini ya nikabu, kwa adabu, bila punje kuanguka, nilitaka dunia nzima ikuone. Shangazi yako alikuwa amenuna, sijui ana nini siku hizi.

Msimamo wangu ni huu, na nimeshausema mbele ya watu, siwezi kuurudisha. Wakikataa, Jumatatu yake nakutoa shule hiyo. Utakaa na mimi dukani ujifunze cherehani mpaka Mungu afungue mlango mwingine. Najua ulitaka sana kumaliza, najua habari zako za kusomea udaktari wa mifugo. Lakini siwezi kumwachia mtoto wangu avuliwe imani yake.

Kaza moyo. Nakuja tarehe 21.

Baba yako,
Othman


Shule ya Wasichana ya Utanu
18 Juni 2025

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nimeacha ndimu na ile sabuni. Jeli nimemrudishia Nzisa, nikamweleza alivyosema daktari, akashtuka, akasema basi dada yake pia anajiumiza.

Baba ameniandikia. Amesema wakikataa ananitoa shule. Sasa nimewaza hivi: bodi ikikataa, napoteza shule kwa sababu ya uongo. Bodi ikikubali, itabidi nifunike mpaka mtihani wa mwisho kwa sababu ya uongo, na uso uoze humo ndani. Na juzi Zuhura wa Kidato cha Pili, mtoto mdogo, amekuja kuniuliza kama kweli watavua mitandio yao sababu yangu.  

Nitamwambia Baba. Lakini siwezi kwa barua, najua vile anasoma barua msikitini. Nimeamua hivi. Jumamosi nitamngoja getini mapema, kabla ya mkutano, uso wazi. Nitavua hata mtandio, kwa sababu zimeshuka mpaka shingoni na nataka azione zote. Pale kwenye kibanda hakuna mtu ila yule askari mzee. Akiniona sitahitaji maneno mengi. Ataona mwenyewe, tutaingia kwa Bi. Ndambuki pamoja, na mkutano utaisha kabla haujaanza.

Niombee. Nimefanya mazoezi ya sentensi moja tu: "Baba, ni chunusi, nilikuwa naogopa kuchekwa."

Faiza


Machakos mjini
Jumamosi, 21 Juni 2025

Binti yangu, mboni ya jicho langu,

TUMESHINDA! Nimeingia nyumbani sasa hivi, sijavua hata viatu, kwa sababu kule hawakutupa nafasi ya kuzungumza, kengele ikalia mkarudishwa darasani. Alhamdulillahi. Wathome alizungumza mpaka mwenyekiti wa bodi akaomba maji. Ruhusa imetoka kwa maandishi, ufunike mpaka umalize Kidato cha Nne, ila mwalimu wa kike atakutazama uso kabla ya mitihani. Sharti ni kwamba ukionekana umefunua hadharani, ruhusa imefutika. Nikawaambia hilo halina shida, hamumjui Faiza wangu. Mitandio ya wenzako wataizungumzia muhula ujao, na hilo nalo tutalipigania.

Nilikuona machozi yanalowesha nikabu wakati hukumu inasomwa. Na mimi nililia. Hatukuona haya, sisi wawili.

Kuna jambo lingine linanisumbua na sitalala bila kukuandikia. Pale getini, Wathome akiegesha gari, kulikuwa na msichana amesimama peke yake karibu na kibanda cha askari. Kichwa wazi, nywele fupi kama wenzake wote. Alinijia moja kwa moja. Faiza, nilishtuka mpaka nikarudi nyuma. Sijawahi kuona uso wa mtoto ukiwa vile. Mashavu yamejaa mavimbe, mengine yanatoa usaha, kidevu kimechubuka, mpaka shingoni. Sikujua niangalie wapi. Nikamwambia, "Binti, hujambo? Tafadhali niitie Faiza Othman wa Kidato cha Tatu, mwambie baba yake amefika." Alinitazama tu, midomo inamcheza, nikadhani labda hasikii. Kisha akaitikia kwa kichwa, akaenda mbio.

Na kweli haikupita muda ukaja wewe, umejistiri, nikakukumbatia nikamshukuru Mungu kwa afya yako.

Njia nzima nilikuwa namfikiria. Mtoto mwenye adabu vile. Nilijiuliza, huyo ana baba kweli? Ni baba gani anamwona mtoto wake anaharibika hivyo na anaendelea na shughuli zake? Nilimlaani kimoyomoyo, Mungu anisamehe. Nimenunua chupa ya mafuta ya habasoda kwa ajili yake, shangazi yako atakuletea Jumatatu. Mtafute umpe. Mwambie yametoka kwa mzee wa getini, na asikate tamaa.

Baba yako mwenye furaha,
Othman


Shule ya Wasichana ya Utanu
Jumatatu, 23 Juni 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Habasoda imefika. Sikuwa na kazi ya kumtafuta mwenyewe.

Yule msichana ni mimi.

Nilikuwa nimesimama pale tangu tulipotoka kunywa uji. Nilikuwa nimevua kila kitu ili uone kabla ya mkutano, kwa sababu haikuwa dini, Baba. Ni chunusi. Wasichana walinipa jina baya, nikajificha, na Bi. Ndambuki aliponiuliza mbele yao nikasema neno la kwanza lililonijia. Shangazi amejua tangu mwezi uliopita, nilimfunga mdomo kwa ahadi, usimgombeze. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kukwambia, nilikuwa nimeifanyia mazoezi wiki nzima.

Uliponiangalia nilijua umeona. Ulirudi nyuma, nikasema ameona, sasa atanishika. Nikangoja. Ndipo ukaniambia nikuitie Faiza.

Nilienda, Baba. Sikujua nifanye nini kingine. Nilikimbia mpaka bwenini, nikachukua ile nikabu uliyonishonea, nikavaa, nikarudi. Ukanikumbatia ukasema nimependeza. Kwenye mkutano sikulia kwa furaha. Nilikuwa nasikia ukisema "hamumjui Faiza wangu."

Leo asubuhi nimekwenda mwenyewe kwa Bi. Ndambuki, nikafunua, nikamwambia kila kitu. Alitoka akafunga mlango wa nje ili tusiingiliwe. Hakunigombeza. Amesema ruhusa yangu imekwisha, mitandio ya wenzangu haitaguswa, na kwamba mimi shule haijanifukuza. Sasa aliyebaki ni wewe. Ulisema mbele ya watu wote utanitoa. Najua msikitini watakucheka, hata yule mzee wa miwani ya uzi amechanga bure, na ni mimi nimekufanyia hivyo. Nisamehe. Ukiniambia nitoke, nitatoka. Lakini nakuomba nisitoke. Nataka kumaliza.

Na tafadhali usimlaani baba yake yule msichana. Hakujua. Alifichwa.

Mchana huu nilikwenda bwaloni bila kitu usoni. Lavender aliniangalia, wote waliniangalia. Nilikula nikamaliza. Ilikuwa vigumu, lakini si kama Jumamosi.

Alhamisi tunafunga likizo fupi. Shangazi amesema daktari atatuona mchana. Kwanza nitashuka stendi nije moja kwa moja dukani kwako, uso wazi. Najua utakuwa na wateja. Nitasimama mlangoni. Ukiniona, Baba, tafadhali usinitume mahali.

Binti yako,
Faiza